Presha Isiyoonekana Mkononi

Ninyi mnaoanza kazi ya uuguzi sasa hivi, mnaotembea wodini na viatu vyeupe visivyo na doa, naomba mnikopeshe masikio kidogo kabla hamjaanza kukiamini kipimo cha presha kupita kiasi. Mimi kile kitambaa cha kufunga mkononi nimekifunga maisha yangu yote ya kazi. Nimewafunga wakulima wa Mbulu, wafugaji wa Ngorongoro, madereva wa watalii, wapishi wa lodji, na padri mmoja aliyekuwa akifumba macho kana kwamba namng'oa jino. Sasa nimestaafu, nafuga kuku hapa Karatu na kugombana na jirani kuhusu mbuzi wake. Lakini mtu akipita getini kwangu anahema, najikuta nahesabu pumzi zake kabla sijamkaribisha. Kazi imeniingia mwilini, sina la kufanya.

Kipimo kile ni kizuri, sikisemi vibaya. Ila kina ujinga wake, na msipoujua mtafanya kazi ya kijinga pamoja nacho. Alikuja kwangu mzee mmoja kutoka Rhotia, mkulima wa ngano, presha iko juu mpaka nikashtuka. Nikamkalisha apumzike, maana alikuwa amepanda kilima kwa baiskeli. Nikampima tena, bado iko juu. Mkewe alikuwa ameketi bega kwa bega naye, akimsimulia mambo ya shamba ambayo mzee hakuyafanya. Nikamwomba mama atusaidie kuleta maji ya kunywa kule kantini. Alipotoka nikapima, presha imeshuka kama mtu aliyetua mzigo. Mzee akaniambia, "Nesi, hiyo dawa ya kumtuma maji ndiyo niandikie."

Kwa hiyo mpime mtu aliyetulia, mkono ukiwa wazi, na msimfunge juu ya sweta kwa sababu ya uvivu. Hayo mmefundishwa darasani, sirudii. Ninalotaka kuwaambia ni lingine. Kuna presha ambayo huwezi kuipata mkononi hata ukifunga kitambaa mpaka kiishe. Nayo ni presha ya mapafu.

Aliyenifundisha hiyo presha ni Dokta Lohay, binti ambaye umri wake ni mdogo kuliko wa mwanangu wa kwanza. Alipoletwa hospitalini kwetu nilimwonea huruma. Mwembamba, sauti ya chini, nikamwonyesha chai inakaa wapi na daktari gani hapendi kusalimiwa asubuhi. Naye akanilipa kwa kunifundisha moyo upya. Hakuwa na majivuno. Ukimuuliza swali la kijinga alikuwa anavuta kiti, anakaa, anakueleza.

"Mama Paskalina," aliniambia siku moja, "moyo ni nyumba ya watu wawili wanaopakana ukuta. Wa kushoto ana nguvu, anasukuma damu mwili mzima, na yeye ndiye unayempima mkononi. Wa kulia ni mpole. Kazi yake ni kusukuma damu iende jirani tu, kwenye mapafu, ikachukue hewa safi. Mishipa ya mapafu ni laini, haimpi shida. Sasa ikibana je?"

Nikamwambia nimeelewa, lakini sikuwa nimeelewa. Nilielewa nilipokwenda kumtembelea kaka yangu Mang'ola, kwenye vitunguu. Alikuwa amepandwa na hasira kwa sababu mtu wa chini alikuwa ameziba mfereji kwa matope. Maji hayakupita, yakarudi nyuma, yakajaa shamba la kaka, vitunguu vikaanza kuoza. Kaka alikuwa hana kosa, shida ilikuwa kule chini. Nikasimama pale na ndala zangu kwenye matope nikasema kwa sauti, kumbe! Kaka akadhani namcheka.

Ndivyo ilivyo. Mishipa ya mapafu ikibana au ikikakamaa, yule mpole wa kulia analazimika kusukuma kwa nguvu asizozaliwa nazo. Anatanuka, anachoka. Damu inarudi nyuma: mishipa ya shingo inajaa, tumbo linajaa, miguu inavimba. Na kwa kuwa damu haipiti vizuri mapafuni, mtu anakosa pumzi akifanya kazi ndogo tu. Wengine wanapata kizunguzungu au wanazimia wakipanda mlima. Na muda wote huo yule wa kushoto anaendelea na shughuli zake, na ukifunga mkono unaambiwa kila kitu ni sawa. Ni kweli, mkononi ni sawa.

Msiniulize sababu yake ni nini, maana ni nyingi, na huo ndio ugumu wenyewe. Wakati mwingine ni moyo wa kushoto ulioharibika, damu ikarudi mapafuni. Wakati mwingine ni tundu la moyo alilozaliwa nalo mtu, au damu iliyoganda mguuni ikapanda juu, au kifua kilichoharibiwa na kifua kikuu cha zamani. Hata kichocho kinaweza, na virusi vya Ukimwi pia. Na kuna moshi, na kuna kuishi juu sana ambako hewa ni nyepesi. Hayo mawili ya mwisho ndiyo ya kwetu huku, na ndiyo yaliyomleta Nashipai.

Nashipai alikuwa mama wa Kimasai kutoka boma moja la juu huko Ngorongoro, kwenye ukungu, ambako asubuhi majani yanakuwa meupe kwa baridi. Hakuwa mzee. Alikuwa na watoto wakubwa na mdogo mmoja wa kuanza shule. Alikuja na mumewe, Saruni, mtu mrefu mwenye shuka mbili, moja juu ya nyingine. Nashipai aliingia mlangoni akasimama, akashika fremu ya mlango, akavuta pumzi, ndipo akaja kwenye kiti.

"Unaumwa nini, mama?"

"Nikitembea... pumzi inaisha. Nikikaa... inarudi."

Nikafunga kitambaa. Presha nzuri, ya mtu wa kumwonea wivu. Saruni alikuwa anaangalia uso wangu kwa makini, na nilipoondoa kitambaa akasema kabla sijafungua mdomo.

"Iko sawa, eh? Nilijua. Nimepeleka zahanati, wakafunga hiyo kitambaa, wakasema iko sawa. Nimepeleka kituo cha afya, wakafunga, iko sawa. Mama, mimi nikuulize wewe mtu mzima. Huyu akienda kwa dada yake huko Sale, anatembea, anacheka, anabeba maji. Dada yake mwenyewe ananiambia. Akirudi kwangu tu, hawezi kubeba hata kibuyu. Sasa hiyo ni ugonjwa, au amenichoka?"

Nashipai aliangalia sakafu. Hakumjibu, na nadhani hakuwa na pumzi ya kumjibu.

"Mimi nimesema hivi," Saruni akaendelea, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Leo ni ya mwisho. Leo wakisema mzima, nampeleka kwao Arash, wakae naye. Watoto wanabaki. Siwezi kuishi na mtu ambaye ni mzima kwa watu wengine na mgonjwa kwangu."

Hapo ndipo nilipoogopa. Vipimo vyote vilivyofanywa vilikuwa vya kweli, na kila aliyempima alisema kweli, na kweli hiyo ilikuwa inataka kumfukuza mwanamke nyumbani kwake, kumtenga na watoto, na kumpeleka akafie kwao akiitwa mvivu.

Nikamwambia Saruni akae. Nikachukua kipimo cha kidoleni, kile kidogo kinachobana kama kibanio cha nguo na kusoma hewa iliyo kwenye damu. Namba ikaja chini sana. Nikadhani ni betri. Nikaweka betri nyingine, bado. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, nikavisugua mikononi mwangu mpaka vikapata joto, maana kidole cha baridi kinadanganya, kama vile kucha zilizopakwa rangi zinavyodanganya. Bado. Nikainama nikabonyeza mguu juu ya kifundo, chini ya zile shanga, kidole changu kikaacha shimo, na shimo likakaa pale pale. Nikamwangalia shingoni. Mshipa ulikuwa umejaa mpaka karibu na sikio.

Nikaenda kumwita Dokta Lohay mwenyewe, sikumtuma mtu.

Dokta hakufanya maajabu. Alivuta kiti kama kawaida yake, akamuuliza Nashipai mambo ya kawaida kwa utulivu, akisubiri kila jibu liishe. Unapika wapi? Ndani. Unalala wapi? Ndani, karibu na moto. Tangu lini? Tangu nizaliwe. Kisha akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nimelisikia kama malalamiko ya ndoa tu.

"Huko Sale kuna nini ambacho nyumbani hakuna?"

Nashipai alifikiri. "Joto," akasema. "Na dada yangu... anapika nje."

Dokta akanitazama. Mkitaka kujua furaha ya kazi hii ni nini, ni ule mtazamo. Sale ni chini, hewa ni nzito na ina nguvu, na kule joto linawatoa watu nje, hata jiko. Nyumbani kwake ni juu, kwenye baridi, na moto unawaka ndani mchana na usiku. Saruni alikuwa amebeba jibu la ugonjwa mdomoni mwake hospitali hadi hospitali, akilitumia kama ushahidi wa kumshtaki mkewe.

Tulimlaza. Tukampa oksijeni ya puani na dawa ya kupunguza maji mwilini, na asubuhi yake wauguzi wa zamu wakaniambia yule mama amelala chali kwa mara ya kwanza, alikuwa amezoea kulala ameketi. Akapigwa picha ya kifua, akapimwa makohozi na damu, maana msije mkarukia jibu moja mkaacha mengine. Ikasubiriwa mashine ya picha ya moyo, ile ya kupakwa jeli kifuani, iliyokuwa inakuja kwetu kwa zamu pamoja na mtaalamu kutoka mjini. Picha hiyo inakadiria presha ya mapafu. Kuna kipimo kingine cha kupitisha mrija mwembamba hadi ndani ya moyo, na hicho ndicho kinachothibitisha, ila kiko mbali na si kila mgonjwa atakihitaji.

Siku ya picha nilimwingiza Saruni chumbani. Hakutaka. Alisimama mlangoni akisema hayo ni mambo ya wanawake. Nikamvuta shuka.

Dokta Lohay akamwonyesha kwenye kioo cha mashine. "Mzee, huu ni moyo wa mama. Unaona vyumba? Hiki cha kushoto ni kizuri. Hiki cha kulia kinatakiwa kiwe kidogo kuliko mwenzake. Angalia kilivyokuwa."

Saruni akasogea. Akasogea tena, mpaka mtaalamu akamwomba asizibe kioo. Akaongea na mkewe kwa Kimaa, lugha yao ya Kimasai, kwa sauti ya chini, halafu akatugeukia.

"Hii nimeona," akasema.

"Umeiona wapi, mzee?"

"Kwa ng'ombe. Kuna ng'ombe wengine huko juu wanavimba hapa." Akajishika kifua chini ya shingo, mahali pa kidari. "Wanavimba, wanachoka, hawafuati wenzao. Akifa, tukipasua, moyo wake ni mkubwa upande mmoja. Namna hii hii."

Dokta Lohay karibu adondoshe faili. "Ndiyo, mzee! Ni ugonjwa huo huo. Mapafu yamebana, moyo umechoka. Ng'ombe wa mahali pa juu wanaupata."

"Na mkimwona ng'ombe wa hivyo," nikamuuliza mimi, "mnamfanyaje?"

"Tunamteremsha chini. Kwenye joto. Wengine wanapona."

"Kwa hiyo ng'ombe mnamteremsha, mke unamwita mvivu?"

Dokta alinikanyaga mguu. Mnajua mdomo wangu. Lakini Saruni hakukasirika. Alimtazama Nashipai aliyelala pale na jeli kifuani, akavua shuka yake ya juu akamfunika miguu. Habari ya Arash sikuisikia tena kutoka kinywani mwake.

Mngependa niishie hapo, hata mimi ningependa. Lakini mgonjwa akitoka wodini ndipo kazi inapoanza, na hilo halimo kwenye vitabu vyenu. Nashipai aliruhusiwa na vidonge vya kupunguza maji, na maelekezo: chumvi kidogo, kazi nzito aache, miezi ya baridi aende Sale kwa dada yake, na asikae kwenye moshi. Hilo la mwisho alilitikisia kichwa kwa heshima zote. Mkimwona mgonjwa anatikisa kichwa haraka hivyo, jueni hajakubali.

Hazikupita siku nyingi tukaenda huko juu na kliniki ya mkoba, ile gari ya chanjo na kupima wajawazito. Nikaomba tupitie bomani kwa Saruni. Nje ya nyumba ya Nashipai nilikuta kuni zimerundikwa hadi kiunoni kwangu, mizigo kwa mizigo, imefungwa vizuri kwa kamba za ngozi. Nikainama kuingia na moshi ukanipokea. Macho yalinitoka machozi kabla sijamwona mtu. Nilisalimia gizani, sauti za wanawake wengi zikaitikia, na nilipozoea giza nikamwona Nashipai amekalishwa karibu kabisa na moto, moto mkubwa wa kuchomea mbuzi mzima, na kile kitundu kidogo cha ukutani kimezibwa kwa kipande cha blanketi. Miguu yake ilikuwa imevimba upya.

Kulikuwa na bibi mmoja anayeongoza pale, mama yake Saruni, ambaye wote walimwita Koko, yaani bibi, nami nikamwita hivyo hivyo.

"Tumemtunza vizuri," Koko akaniambia kwa fahari. "Kifua ni baridi. Kila mwanamke anayekuja kumwona anakuja na mzigo wake wa kuni. Hakuna aliyekuja mikono mitupu."

Mimi ni Mwiraqw, nimekulia kwenye baridi ya Mbulu, najua uzito wa mzigo wa kuni mgongoni kupanda kilima. Wanawake wale walikuwa wametembea msituni kwa ajili yake. Yule mama alikuwa anapendwa sana, na kadiri walivyompenda ndivyo walivyokuwa wanamziba mapafu. Ilinitia uchungu, na mimi uchungu ukinishika nafoka. Nikafoka. Nikasema moshi huu unamuua, zimeni moto huu, toeni blanketi hilo. Mmoja akaweka kuni nyingine kwa upole kabisa, kama mtu asiyetaka kubishana na mgeni.

Nikatoka nje kumtafuta Saruni. Nilimkuta zizini.

"Si nilikuonyesha moyo wa mkeo?"

"Ulinionyesha. Nimewaambia. Lakini nyumba ni ya mwanamke, mama. Yeye ndiye aliyeijenga, yeye na wenzake. Mimi nikigusa ukuta wake, boma zima litanicheka mpaka nizikwe. Ongea naye mwenyewe."

Nikarudi ndani, safari hii nikakaa chini. Nashipai akaongea kabla yangu, kwa vipande vipande, na wengine wakamwacha aongee.

"Nesi. Nikizima moto... nani ataingia kwangu? Nyumba ya baridi... haina chai. Haina watu. Mimi nitakaa peke yangu... kama nimeshakufa."

Nawaambia ukweli, somo la moshi nililijua lote na halikunisaidia kitu. Nikakumbuka namna Dokta Lohay anavyouliza, nikavuta kiti ambacho hakikuwepo.

"Kule Sale, dada yako akipika nje, wageni wanakuja?"

"Wanakuja."

"Wanakunywa chai?"

"Wanakunywa sana." Akatabasamu. "Dada anaweka sukari nyingi."

"Na moto uko wapi wakinywa?"

"Uko kwake huko... mbali kidogo."

Koko alikuwa anasikiliza. Akachokonoa moto kwa kijiti, akafikiri, akasema jambo kwa Kimaa, wanawake wakaangua kicheko. Akanitafsiria.

"Nimesema moto si mbaya. Mbaya ni moto na mgonjwa kulala chumba kimoja, kama mke mwenza asiyetulia. Tumjengee moto nyumba yake."

Wakaanza kubishana papo hapo, na nilijua ni mabishano mazuri kwa sababu yalikuwa ya mahali pa kusimamisha nguzo. Wapi upepo unatoka. Mbuzi wachanga watalala wapi. Vibuyu vya maziwa vitafukiziwa wapi, maana kibuyu lazima kifukizwe kwa kijinga cha moto cha mti wa mzeituni pori la sivyo maziwa yanaharibika. Vyote hivyo vikahamishiwa kwenye nyumba ya moto. Jambo lililobaki ni baridi ya usiku, na mimi nikaanza kutaja mablanketi, nikijiuliza ningeyapata wapi.

"Blanketi moja linatosha," Koko akasema. "Mimi nitalala naye. Mimi nina mafuta." Akajipiga ubavuni. "Nikichoka, atalala naye huyu. Na huyu. Wataacha kubeba kuni, wabebe miili yao."

Niliporudi na gari la chanjo, nyumba ya moto ilikuwa imesimama, imekandikwa, na ina tundu kubwa la kutolea moshi ambalo Koko alinionyesha kana kwamba ni dirisha la benki. Ndani ya nyumba ya Nashipai niliweza kuona kuta kwa mara ya kwanza. Inzi waliongezeka, siwafichi. Moshi ulikuwa unawafukuza, na walipoona umehama wakahamia wao. Koko alilalamika kuhusu inzi na hapo hapo akanikumbusha kwamba yeye mwenyewe hakohoi tena asubuhi. Nashipai alikuwa bado anatembea polepole, bado anasimama katikati ya njia. Nilimwambia waziwazi yeye na mumewe kwamba ugonjwa huu haufutiki kwa kujenga nyumba. Mishipa iliyokakamaa miaka mingi hairudi ilivyokuwa. Tunampunguzia moyo mzigo, basi, na tunaangalia. Nilimwambia pia dawa asiache hata akijisikia vizuri, na akivimba ghafla au akizimia ashushwe siku hiyo hiyo.

Na jambo moja ninyi vijana mlishike vizuri, maana mtakutana na wasichana wenye ugonjwa huu: mimba kwa moyo wa namna hiyo ni hatari kubwa sana. Usimwachie mama mkwe aje kumwambia. Mwambie wewe, mapema, na mumewe akiwepo kama mwenyewe ataridhia, halafu umsaidie kupata njia ya uzazi wa mpango inayomfaa.

Miezi ya baridi Nashipai akashuka Sale. Kisha zikaja mvua, barabara zikakatika, gari la chanjo likasimama. Nilimpigia Saruni simu, haikupatikana. Nilipiga tena, haikupatikana. Nilijua kule mtandao ni wa kubahatisha, mtu mpaka apande kilima, lakini akili ya muuguzi haiendi kwenye mtandao, inaenda kwingine. Niliwaza atakuwa amerudi kutoka Sale, baridi imemkuta, moyo umeshindwa. Nilianza kumwombea misa bila kumtaja kama ni hai au marehemu, nikamwachia Mungu apange mwenyewe.

Asubuhi moja ya siku ya mnada niko mezani kwangu, foleni imejaa hadi nje, nikainua macho nikamwona Saruni. Peke yake. Shuka mbili, fimbo mkononi, matope hadi magotini. Hakukaa kwenye foleni, alikuja moja kwa moja akasimama mbele yangu.

"Uko peke yako?" nikamuuliza.

"Niko peke yangu."

"Nashipai yuko wapi?"

Saruni akaangalia chini, akachora chora sakafuni kwa ncha ya fimbo.

"Mama," akasema, "juzi amenigombeza."

"Amekugombeza?"

"Mbuzi mmoja alipotea, akasema ni mimi. Akaanzia mlangoni kwake. Nikaondoka, akanifuata mpaka zizini, anasema. Nikazunguka zizi, akazunguka, anasema. Nikarudi, akarudi na mimi mpaka mlangoni. Hakukaa chini. Mimi nilikuwa nangoja apumzike kidogo nijibu." Akainua uso. "Hakupumzika, mama. Nimeshindwa kujibu kabisa. Sasa nimeona nije nikuambie."

Nililia. Nililia pale pale, na kitambaa cha presha mkononi, mbele ya foleni nzima ya watu wa Karatu, bila aibu yoyote. Saruni akashtuka, akaangalia huku na huku, akainama akanishika bega.

"Mama, usilie," akasema. "Nimesema amenigombeza. Hajafa."